Miezi ya Mikono Yake

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza kumwona alikuwa ameketi barazani kwenye duka la vitambaa, kando ya barabara inayopanda kutoka Nyabugogo kwenda Gatsata, kichwa amekiinamisha, na kabla ya kuuona uso wake niliona vidole vikisukuma kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa nimempelekea ovaroli iliyochanika gotini. Mimi ni mtu wa Buyenzi, kule Bujumbura. Nilikuja Kigali kutafuta kazi ya umakanika, na magereji ya Gatsata yakanipokea vizuri kwa kuwa mafundi wake waliongea Kiswahili. Yeye alizaliwa Kagugu, mlimani, kwa watu wa kulima maharage na viazi vitamu, na Kiswahili chake alikiokota kwa wateja. Alitia "iko" kila mahali. Ovaroli iko tayari, mama iko mgonjwa, mimi iko na njaa. Nilimtania kwa hilo, naye akanitania kwa Kinyarwanda changu chenye Kirundi ndani, na katika kutaniana huko tukaoana, mwaka wa tisini, miezi michache kabla vita havijaanza kaskazini.

Tulipanga chumba na sebule juu kidogo ya magereji. Alilalamika kwamba mashuka yananuka grisi hata yakiwa yametoka kwenye kamba ya kuanikia. Cherehani yake tuliiweka dirishani. Wateja walimfuata pale pale nyumbani, kwa sababu alikuwa na sifa ya kushona kola iliyokaa sawa, na wake za wafanyabiashara walikuja hata kutoka Remera na vitenge vyao.

Ugonjwa ulianzia kwenye chupa ya chai. Asubuhi moja alinipa chupa na kuniambia nifungue mfuniko, umekaza. Haukuwa umekaza. Niliufungua kwa vidole viwili, nikacheka, yeye hakucheka. Baada ya hapo nilianza kuona mambo mengine. Alikuwa akiamka anakaa kitandani muda mrefu, mikono imelala juu ya mapaja kama vitu ambavyo mtu amempa amshikie. Kufikia saa nne vidole vililegea, akashona. Kesho yake vilikuwa vimekaza tena. Kisha viungo vya vidole vikavimba pande zote mbili kwa mpigo, halafu vifundo vya mikono, halafu magoti. Kabla mwaka haujageuka nilikuwa namfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi kabla ya kushuka gereji. Aliangalia pembeni wakati nikivifunga.

Majirani walisema amerogwa. Walisema mwanamke mwenye wateja wengi hakosi mtu wa kumtilia kitu kwenye pombe. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuamini kila neno, lakini alikuwa na binti mmoja tu, na hofu ilimfanya ampeleke kwa mama mmoja aliyekuwa akitapisha watu sumu. Mke wangu alikunywa majani machungu, akatapika mpaka akaishiwa nguvu, akarudi Gatsata amebebwa. Vidole vilikuwa vile vile. Nilikaa naye, nikamwambia sasa twende kwa daktari, na yeye akasema twende popote, mradi nisimwambie tena kwamba itapita.

Daktari tuliyempata alikuwa na zahanati ndogo Remera, nyuma ya maduka, karibu na uwanja wa mpira. Alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Bukavu, kwa hiyo tuliongea naye Kiswahili bila shida. Alishika mikono ya mke wangu kwa upole sana, akabonyeza kiungo kimoja baada ya kingine, akauliza inakaza wakati gani, akauliza kama mama yake au shangazi aliwahi kuwa hivyo. Kisha akatueleza. Alisema hakuna sumu. Alisema kila mwili una askari wa kuulinda dhidi ya maradhi, na kwamba kwa sababu ambayo yeye wala mwingine yeyote hakuijua, askari wa mke wangu walikuwa wameviona viungo vyake mwenyewe kuwa adui. Wanavishambulia, ndiyo maana vinavimba na kuwaka.

Mke wangu aliuliza kwa nini basi saa nne wanachoka.

Daktari alifurahi kwa swali hilo, nakumbuka. Akasema mwili haukuachwa hivi hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza dawa ya kuwatuliza hao askari, wasije wakaharibu nyumba wanayoilinda. Usiku dawa hiyo hupungua, alfajiri hupanda, na baada ya muda mtu hupata nafuu. Kwa watu wengi inatosha maisha yote na hawajui hata kama ipo. Kwa mke wangu haikutosha. Angempa vidonge vinavyofanana na dawa hiyo ya mwili, vidogo, kwa kiasi. Akamwonya jambo moja, na alilirudia mpaka mlangoni: asije akaviacha ghafla hata siku akijisikia amepona, kwa sababu zile tezi zikizoea kuletewa dawa kutoka nje hulala, na haziamki kwa siku moja.

Vidonge vilisaidia. Uso ulimjaa kidogo, akawa anakula sana, lakini alishona tena, polepole, mishono rahisi. Kola hakuzishona tena. Wake za wafanyabiashara walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake. Barabarani nako vizuizi viliongezeka, watu wakawa wanaonyeshana vitambulisho kwenda hata sokoni, na Remera ikawa mbali kuliko ilivyokuwa. Nilimpeleka kwa daktari kila ilipowezekana.

Katikati ya mwaka wa tisini na moja akashika mimba. Tuliogopa. Nilifikiri mwili ambao unajila wenyewe utamfanya nini kiumbe kidogo namna hiyo. Daktari hakuonekana kuogopa. Alimpunguzia vidonge hatua kwa hatua, akasema tungoje tuone, na hakusema tungoje nini. Nadhani hakutaka kutuahidi.

Mwezi wa nne wa mimba niliamka nikasikia mwiko unagonga sufuria. Nilidhani mama mkwe amekuja bila kutuambia. Nilipotoka nje nikamkuta mke wangu amechuchumaa kwenye mbabura, jiko letu la makaa, anakoroga uji. Kuchuchumaa! Magoti yale yalikuwa hayajakunjwa vile kwa mwaka mzima. Alinitazama akanyanyua mkono wa kulia, akaukunja ngumi, akaufungua. Alikuwa amejifunga vifungo vyake mwenyewe, na kimoja alikikosea tundu kwa sababu ya haraka.

Tulikwenda Remera siku hiyo hiyo. Daktari alibonyeza viungo vyake kimoja kimoja, na uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka ukaona mifupa ya vidole. Ndipo alipotueleza alichokuwa akikingoja. Mtoto aliye tumboni, alisema, nusu yake ni baba. Kwa askari wa mama, mtoto huyo ni mgeni, na mgeni hufukuzwa. Kama mwili ungefuata sheria yake ya kila siku, hakuna mwanamke angezaa. Kwa hiyo mimba inapokaa, mwili wenyewe huwatuliza askari wake, huwaambia mwacheni huyu, na katika utulivu huo baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu hupumzika. Alisema hata wasomi hawajui yote yanayofanyika humo ndani.

"Kwa hiyo nimepona kwa sababu yake," mke wangu alisema, akiwa ameshika tumbo.

"Umepumzika," daktari alisema. "Akizaliwa, mwili hautakuwa na sababu ya kunyamaza tena. Mara nyingi ugonjwa hurudi baada ya wiki chache, na huweza kurudi kwa nguvu. Nakwambia sasa ili ujitayarishe."

Njiani kurudi nilimwona ananyamaza, nikadhani maneno yale yamemvunja moyo. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya vitambaa. Kuanzia juma lile alikaa kwenye cherehani kama mtu anayefukuzwa. Alipokea kazi za watu, akarudi kwenye kola, akashona hata gauni la harusi la binti wa jirani. Lakini saa za asubuhi, ambazo zamani alikuwa akizipoteza kitandani, alizitenga kwa nguo za mtoto.

Zilikuwa nguo za ajabu. Shingo zake zilikuwa pana, mtu angepitisha kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja. Hazikuwa na kifungo hata kimoja. Mahali pa vifungo aliweka vitanzi vya kitambaa, vikubwa, na mikanda mipana ya kuvuta. Mama mkwe alipoziona alizigeuza geuza akauliza kama binti yake amesahau kazi, maana mtoto wa fundi hawezi kuvishwa magunia. Mke wangu alichukua kigauni kimoja, akafumba ngumi zote mbili kama zilivyokuwa wakati wa ugonjwa, akaingiza kifundo cha mkono kwenye kitanzi, akavuta. Kigauni kikafunguka. Akakifunga tena vivyo hivyo bila kutumia vidole. Mama mkwe aliketi chini. Alichukua kigauni kile akakikunja vizuri sana, akakiweka juu ya vingine, na tangu siku ile hakusema neno juu ya nguo hizo.

Ile miezi ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote ya ndoa yetu. Jumapili tulipanda Kagugu kwa miguu. Alinivuta mkono njiani, mwanamke mwenye tumbo kubwa akimvuta mwanamume, na wakulima waliokuwa kandokando walitucheka. Alinikata nywele. Alichambua maharage. Wakati mwingine nilimkuta hafanyi lolote, ameketi tu mlangoni anagusa kidole gumba kwa kila kidole, kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma.

Msichana wetu alizaliwa mwanzoni mwa tisini na mbili. Siku ya kumpa jina watoto wa jirani walikuja wakala, wakapaza majina waliyoyataka kama desturi ilivyo, na mke wangu alikaa katikati yao amempakata mtoto, anawacheka wale waliotoa majina ya vichekesho. Alimnyonyesha, akamwogesha, akamkanda kwa siagi miguu na mgongo. Alimshika muda wote. Mama mkwe alisema atamharibu mtoto kwa kumbeba, nami nilijua kwa nini anambeba.

Ugonjwa ulirudi kabla ya mvua za Aprili kwisha. Nilikuwa gereji, chini ya lori, jirani akaja kuniita. Nilimkuta mke wangu sakafuni, ameegemea kitanda, mtoto analia juu ya godoro, sentimita chache kutoka mikononi mwake. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameshuka chini makusudi ili awe karibu na mtoto, kwa kuwa alijaribu kumnyanyua akashindwa, na aliogopa kumwangusha akijaribu tena. Mikono ilikuwa imevimba mpaka pete ilikuwa imezama. Fundi mwenzangu aliikata kwa msumeno mdogo wa chuma, akitokwa na jasho kuliko nilivyowahi kumwona akitokwa kwa injini yoyote.

Vile vitanzi vilifanya kazi, lakini mtoto hakukaa vile alivyopima mama yake. Mtoto wa miezi mitatu hupiga teke, hugeuka, hutaka kunyanyuliwa. Dozi ya vidonge iliongezwa. Mimi sikuweza kuacha kazi, na wakati ule gari lolote lililoweza kutembea lilikuwa na mtu anayelitaka. Tulimleta mama mkwe akakaa nasi kwa muda, lakini alikuwa na shamba na ng'ombe wawili, na mwishowe alisema kile ambacho sote tulikuwa tunakiepuka: mtoto apande naye Kagugu mpaka mama yake apate nafuu. Mke wangu alikubali mara moja. Alizifunga nguo za mtoto mwenyewe kwenye kitenge, akivuta fundo kwa meno.

Basi Jumapili zetu zikawa za kwenda kumwona mtoto. Nilimpandisha mke wangu kwa baiskeli, nikiisukuma mimi, yeye amekaa nyuma. Mtoto alinenepa kule kwa maziwa ya bibi yake. Alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa, na siku moja, akiwa ameshaanza kusimama kwa kushika stuli, alianguka akaumia mdomo. Mke wangu alikuwa karibu naye zaidi. Alimnyoshea mikono. Mtoto alimtazama, akatazama ile mikono, kisha akapita kando yake akitambaa huku analia, akaenda kwa bibi aliyekuwa uani, akimwita mama. Mama mkwe alimbeba akamleta akamketisha kwenye mapaja ya binti yake, na mtoto alikaa pale kwa heshima ya mgeni, akimtazama bibi.

Jioni hiyo, tukiwa tumerudi, nilikuwa namsugua mafuta ya moto kwenye vifundo vya mikono. Alisema, "Nataka mimba ingine."

Niliendelea kusugua. Nilimuuliza, "Unataka mtoto, au unataka mikono?"

"Nataka mikono," alisema. "Huyo mtoto, iko siku akija nitamupenda. Sitamudanganya Mungu. Lakini nataka mikono, nimurudishe wangu nyumbani, anijue."

Tulikwenda kwa daktari. Nilitarajia atukemee. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, akasema mtoto si dawa, na kwamba hata kama angekuwa dawa, mwili hauweki mkataba na mtu. Ulinyamaza mara ya kwanza, wanawake wengi hunyamaziwa tena, wengine hapana. Na baada ya kuzaa itakuwa kama tulivyoona, au zaidi. Mke wangu alisikiliza yote. Alimuuliza kama yuko tayari kuendelea kumtibu vyovyote itakavyokuwa, na daktari akasema yuko tayari. Akamshukuru, tukaondoka.

Mimba ilikaa mwanzoni mwa tisini na tatu. Alikuwa na matumaini mengi kiasi kwamba mwezi wa tatu tulimteremsha msichana wetu kutoka Kagugu, na bibi yake akaja naye kwa majuma ya kumzoeza. Mke wangu alinituma Nyabugogo nikamnunulie uzi wa rangi sita. Aliupanga dirishani kando ya cherehani.

Kila asubuhi alijipima. Nilijifanya nimelala nikamsikiliza. Alijaribu kukunja ngumi, nikasikia pumzi anayoivuta kwa meno. Mwezi wa nne ukapita. Akasema mara ya kwanza pengine alihesabu vibaya, pengine ulikuwa wa tano. Wa tano ukapita. Mwezi wa sita alikuwa na siku kadhaa za nafuu, akashona mshono mmoja mrefu kwenye pazia, akafurahi kama mtoto, na juma lililofuata magoti yakavimba hivi kwamba nilimbeba kwenda chooni. Mwili haukumnyamazia. Daktari alimbonyeza viungo, tumbo likiwa kubwa mbele yake, akasikiliza moyo wa mtoto ukipiga vizuri, akasema maneno ambayo sijayasahau: kwa mtoto mwili umenyamaza, kwa vidole umekataa.

Nilidhani atalia. Hakulia kule Remera wala njiani. Tulipofika nyumbani alizikusanya zile nyuzi za rangi kwa viganja, akazisukuma ndani ya kikapu, akaniambia nikiweke juu ya kabati. Kisha akalala, akageukia ukutani, na hapo ndipo alipolia, na mimi nilikaa nje na mtoto mpaka giza lilipoingia.

Lakini msichana wetu alikuwa tayari nyumbani, na hilo halikurudishwa nyuma. Mama yake alitafuta njia. Hakuweza kumnyanyua, basi alikaa chini kwenye mkeka, akainamisha mgongo, na mtoto akajifunza kuja kwa nyuma, kupanda stuli ndogo, na kujitupa mgongoni mwake mwenyewe, mikono shingoni. Mimi au jirani tulileta mbeleko tukafunga. Tumbo lilipokuwa kubwa mno, mama alikuwa akiketi tu, hasimami, mtoto amefungwa mgongoni, wote wawili wanatazama barabara na malori yanayopanda kutoka Nyabugogo. Mama alimtajia rangi za malori. Mtoto alizirudia, na r zake zote zilikuwa l. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikasikia mtoto anamwita mama, nikadhani bibi amekuja. Bibi hakuwapo. Mke wangu alinitazama tu, hakutaka niseme kitu kitakachoharibu.

Mvulana alizaliwa mwishoni mwa mwaka ule, mzima, mwenye kelele. Alimpenda kama alivyosema atampenda. Baada ya uzazi ugonjwa ulipanda tena, mbaya kuliko wote, na daktari akapandisha vidonge juu kuliko alivyowahi kufanya. Alituambia waziwazi kwamba anawanyamazisha askari wote, wabaya na wazuri, na kwamba tujihadhari na watu wenye kukohoa. Lakini nani angejihadhari na watu, katika chumba na sebule, mji umejaa watu waliokimbia vita, kila nyumba ina ndugu waliolala sebuleni.

Februari alianza kukohoa kidogo. Nilimgusa paji la uso kila siku, halikuwa na moto. Mama mkwe naye alimgusa, akasema hana homa, ni uchovu wa kunyonyesha. Alikuwa anachoka, anavuta pumzi fupi, lakini hakuwaka, na sisi tulikuwa tumefundishwa tangu utotoni kwamba ugonjwa wa kifua huja na joto. Nilipomfikisha hospitali alikuwa na midomo ya rangi ya majivu. Daktari wetu alikuja kutoka Remera kumwona, ingawa barabara zilikuwa zimefungwa sehemu nyingi siku hizo. Alinitoa nje kwenye ukumbi, akaniambia mapafu yote mawili yameshambuliwa, na kwamba vile vidonge ndivyo vilivyozima hata homa, kwa sababu homa nayo ni kazi ya askari wale wale. Alikuwa na macho mekundu. Aliniambia alijua hatari hiyo, alipima huku na huku, na bila vidonge mke wangu asingeweza hata kugeuka kitandani. Nilimwambia najua. Nilikuwa nimemwona.

Mchana ule mke wangu aliweza kuongea kidogo. Aliulizia mtoto mchanga kama amekunywa. Halafu, juu ya msichana wetu, aliniambia, kwa Kiswahili chake, "Usimwambie mimi ilikuwa mgonjwa tu. Mwambie nilishona."

Nilimwambia nitamwambia. Aliuliza kama nje mvua inanyesha, nikamwambia hapana, ni watu wanaburuta vitanda. Alifariki kabla ya jua kushuka, mama yake akiwa ameshika mguu wake juu ya shuka, kwa sababu mikono ilimuuma ikiguswa.

Tulimzika Kagugu, chini kidogo ya nyumba ya mama yake. Mafundi wa gereji walifunga kazi wakaja wote, na wake za wafanyabiashara walikuja kutoka Remera, wale waliokuwa wameacha kuleta vitenge. Mmoja alikuwa amevaa gauni lenye kola aliyoishona yeye. Alinipa pole, akaishika kola yake bila kujua, akaanza kulia, ikabidi mimi ndiye nimtulize.

Yaliyoufika mji ule mwezi wa Aprili, mwaka wa tisini na nne, kila mtu anayajua, na mimi sitayasimulia hapa. Niliwatoa watoto wangu wawili. Mama mkwe wangu sikumwona tena, wala mahali alipolala sipajui. Miaka mingi baadaye, watu ambao hawakupata hata mfupa wa kuzika wameniambia kwamba mke wangu alibahatika, alikufa kitandani, mama yake akiwapo, akazikwa kwa sala. Siwabishii. Wana haki ya kulisema hilo, na najua walichopitia. Nawashukuru, nabadilisha mazungumzo. Kisha nikiwa peke yangu nakumbuka kwamba alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwamba alitaka sana kuishi.